Mtoto Ana Watu

Kila mtu hapa kwetu Nakivale anaijua hadithi ya wale wawili. Mume na mke, watu wa Ulaya, wapole, waliletwa na pasteri mwanzoni mwa mwaka 2024, wakakaa siku kumi na moja, wakampenda mtoto wa nyumbani kwangu. Miaka saba wanangoja kupata mtoto. Chumba chake wamekwisha kukipaka rangi, picha tuliiona kwenye simu. Yule mama alilia akiwa kwenye kiti changu cha plastiki, mke wangu naye akalia. Halafu mimi nikakataa kutia sahihi, na tangu siku ile mimi ndiye mtu mbaya wa hadithi.

Basi leo mtu mbaya naye aseme.

"Papa, umefungia mutoto riziki," ndivyo wanavyonitupia bombani. Wanasema kwa sauti ya kunihurumia, eti mkimbizi mwenye akili angejua bahati ikigonga mlango. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ile karatasi ilikuwa imeandikwa nini.

Ilisema kwamba mimi, mlezi, simjui ndugu yeyote wa mtoto huyu aliye hai, na kwamba mtoto aliachwa.

Aliachwa! Tarehe 13 Juni 2022, Bunagana ilipoingia mikononi mwa M23, tulivuka mpaka tukisukumana, magodoro kichwani, mbuzi, wagonjwa kwenye baiskeli. Mtoto tulimkuta Nyakabande, pale Kisoro wanapopokea wakimbizi. Alikuwa na miaka minne hivi, na mkononi ameshika kifuniko cha sufuria. Kifuniko peke yake. Maana yake sufuria ilikuwa kichwani kwa mtu mwingine. Mtu anayempa mtoto kifuniko abebe, ili mwenyewe abebe sufuria, huyo hajamwacha mtoto. Wamepotezana. Na ninyi mnaonisema bombani, nani kati yenu hajapotezana na mtu?

Lakini kupotezana hakuingii kirahisi kwenye dosye. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kwa mfano, ina njia yake ya "yatima": wazazi wawe wamekufa, au wametoweka, au wamemtupa, au wametenganishwa naye moja kwa moja na mamlaka imethibitisha, au aliyebaki hawezi kumlea na ameandika kwamba anamtoa moja kwa moja. Mtoto ambaye mama yake huenda yuko porini, au yuko kwenye kambi nyingine akiuliza kila gari linaloingia, bila uthibitisho huo hana kisanduku cha kutiwa alama. Sasa mtu akitaka dosye itembee afanyeje? Anamtengeneza yatima. Kwa kalamu tu, bila kumuua mtu.

Wakongo wenzangu, tumesahau haraka. Tarehe 25 Septemba 2013 idara yetu ya uhamiaji, DGM, ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto waliochukuliwa na familia za ng'ambo, kwa sababu karatasi za uongo zilikuwa zimezidi kutiliwa shaka. Hapo dunia ikapiga kelele. Mei 2014 Waitalia walipeleka ndege, na waziri mzima ndani yake, ikawachukua watoto 31. Wengine walingoja mpaka mwanzoni mwa mwaka 2016. Sikatai, yalikuwa mateso: wako akina mama wa kizungu waliohamia Kinshasa wakalea huko huko, wako na watoto waliokufa wakingoja kibali. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Ila yalikuwa ya upande mmoja. Wazazi wa vijiji vya Gemena, walioambiwa watoto wanakwenda likizo kidogo kisha watarudi, machozi yao yalisikika lini? Watoto wao walikuwa wamekwisha fika Ubelgiji, wana majina mapya, ndipo wapelelezi walipopima DNA wakakuta kumbe wazazi wako hai.

Na sisi wakimbizi hasa tusijifanye hatujui. Oktoba 2007, Abéché, Chad: Wafaransa wa shirika la Zoe's Ark walikamatwa wakiwa tayari kupandisha watoto 103 kwenye ndege. Yatima wa Darfur, walisema. Watoto walipoulizwa pole pole, wengi wao walikuwa Wachad wa vijiji vya mpakani, na wengi walikuwa na mzazi au mtu mzima wa kwao aliyewalea. Hapa Uganda penyewe, Agosti 2020, Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili, wakili na mumewe kwa biashara ya namna hiyo. Ethiopia ikafunga mlango kabisa mwaka 2018. Kenya ilikuwa imesimamisha tangu 2014. Hawa wote ni wachawi wanaochukia watoto kupata riziki?

Pasteri wangu alinijibu kwa neno moja: kulea. "Si wanataka kulea tu?" Hapo ndipo mtego ulipo. Sisi mtoto wa dada akija kwako, unalea. Mtoto wa jirani aliyekufa, unalea. Mtoto analelewa Bukavu, anasoma, Krismasi anarudi kwao na viatu vipya, na jina la baba yake halijaguswa. Hata Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 haimkati mtoto na ukoo wake aliozaliwa. Kule wanakompeleka kuna namna nyingine, inayofuta: cheti kipya cha kuzaliwa, wazazi wapya, kana kwamba mama wa kwanza hakuwahi kubeba mimba. Mama wa kijijini akiambiwa "watamlea na kumsomesha" anabonyeza kidole gumba kwa furaha. Amekubali kulea. Karatasi imeandika kufuta. Hakudanganywa hata kwa sentensi moja ya uongo, na bado ameibiwa.

Mtauliza, na wale ambao kweli hawana mtu? Wapo. Kwa hao sijasema neno, na wale wawili wakimpata mtoto wa hivyo kwa njia iliyonyooka, Mungu awabariki. Lakini njia yenyewe imeandikwa, si mimi niliyeitunga. Mkataba wa Hague wa 1993 na Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto wa 1990 vyote vinataka nyumbani kutafutwe kwanza. Ng'ambo ni baadaye kabisa. Miongozo ya UNHCR inasema mtoto wa vita atafutiwe ndugu, kwa kawaida miaka miwili isipungue, kabla ya mtu kutamka habari hizo. Sheria ya Uganda ya 2016 inamtaka mgeni amlee mtoto mwaka mzima akiwa hapa hapa. Wale wawili walikuwa na siku kumi na moja. Na mtoto hata miezi ishirini na moja alikuwa hajaitimiza tangu Nyakabande.

Na pesa je? Safari ya namna hii inakula maelfu kwa maelfu ya dola: wakala, wakili, tafsiri, tiketi. Sisi tulipomwandikisha kwenye karatasi yetu ya familia tulipewa godoro na miche ya sabuni. Tangu Julai 2023 mgao wa chakula umegawanywa kwa makundi, nasi tuko kwenye lile la kupigwa picha ukiwa umekonda. Mtu akitoa kipande kidogo cha zile dola kwa mama mmoja anayelea watoto watatu wasio wake, haitoki hadithi. Hakuna chumba cha kupaka rangi.

Agosti 2024 simu ililia. Msalaba Mwekundu walikuwa wametafuta kimya kimya, na sauti ilitoka kambi ya Bulengo, karibu na Goma. Mama mdogo wa mtoto. Kabla hata ya salamu aliuliza, "Angali na alama ku goti ya kushoto?" Mke wangu akapandisha gauni la mtoto, akaangalia, akashindwa kusema. Yule mama akasema dada yake alikuwa amerudi upande wa Rutshuru kumtafuta mtoto, na hawajamsikia tena. "Mumuchunge tu, nitakuya."

Januari 2025 Goma ikaanguka. Februari watu wa Bulengo wakaambiwa watoke. Ile namba tangu hapo haipatikani. Naipiga kila Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo nanunua muda wa maongezi.

Sitaficha: ziko usiku, mtoto akikohoa, ninakiona kile chumba chenye rangi. Mke wangu pia anakiona, najua kwa namna anavyonyamaza.

Mwezi uliopita pasteri alirudi. Wale wawili bado wanamkumbuka. Karatasi ni ile ile, wamebadilisha tarehe tu, bado imeandikwa "aliachwa", bado imeandikwa sijui ndugu yeyote. Sikutia sahihi. Niligeuza nyuma, nikaandika namba ya mama mdogo, yote, na mwanzo wa Kongo, +243. Nikamwambia pasteri awapelekee hivyo hivyo, nao wawe wanapiga.