Si Betri, Ni Waya

Katika mkutano wa wanachama uliopita palitolewa shauri kwamba Land Rover ya chama inunuliwe betri nyengine mpya kabla msimu haujaanza. Wengi waliliunga mkono, na lisingekuwa upungufu wa fedha siku ile lingekwisha kupita. Kwa heshima zote kwa wazee waliolitoa, sisi twaona kuwa si shauri jema, na twataka kueleza sababu zetu kabla kamati haijakutana.

Betri iliyomo garini sasa haijatimiza mwaka. Iliyotangulia ilitupwa, na ya kabla yake vile vile. Kila mara gari iliwaka vizuri kwa wiki chache, kisha ikarudia mtindo wake: ukiitia ufunguo asubuhi, stata yalia mara moja "ta!" na kunyamaza, ndipo vijana waitwe waje kusukuma. Betri tatu kushindwa kazi ile ile katika gari ile ile si bahati mbaya.

Mwezi uliopita tulimwomba fundi mmoja wa Chake Chake aipime. Betri yenyewe, gari ikiwa imezimwa, ilionyesha volti 12.6, yaani imejaa. Kisha akaweka ncha moja ya kipimo juu ya kichwa cha betri na ncha ya pili pale waya unapofungwa kwenye stata, akamwambia dereva atie ufunguo. Waya mzima hapo haupasi kupoteza zaidi ya nusu volti. Wetu ulipoteza volti 2. Upande wa ardhi, kutoka injini kurudi kwenye betri, ikapotea volti 1 nyengine. Stata ya dizeli huvuta ampea 200 na zaidi. Zidisha 200 kwa 3, utapata wati 600 zinazoishia kuwa joto tupu ndani ya waya na viungo vyake, na stata kuachiwa masazo. Aliyewahi kushika waya ule baada ya gari kukataa kuwaka anajua kuwa unaunguza.

Sababu yake yaonekana kwa macho. Katika Defender hizi za miaka ya 1990 betri hukaa chini ya kiti cha abiria, na kwa hiyo waya hadi kwenye stata ni mrefu. Mvuke wa asidi ya betri hula kichwa cha waya, ukaona unga mweupe na wa kijani. Nasi tukishauona humwagia maji ya moto, ukatoka, tukaridhika. Lakini asidi haikungoji pale juu. Hupanda ndani ya nyuzi za shaba, chini ya mpira, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Ongeza na hewa ya chumvi ya kisiwa chetu. Tulipochuna mpira kiasi cha shubiri moja tulikuta shaba nyeusi, na nyuzi nyengine zikavunjika kwa kucha.

Wako wasemao, basi na isukumwe, vijana wapo. Hawa twawauliza: isukumwe wapi? Mashamba yetu yako mabondeni na juu ya vilima, na gari iliyobeba magunia haisukumwi kupanda kilima, na kuiachia iteremke ikiwa imezima ni kutafuta msiba, kwa kuwa breki zake hutegemea injini inayozunguka zipate nguvu. Na karafuu mbichi haingoji. Ikilala guniani usiku mmoja hupata joto na kuchacha, na ukiianika kesho yake haipati tena rangi yake, ikafika kituoni daraja imeshuka. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari la gari. Humwangukia mwanachama ambaye gunia lake lilikuwa la mwisho kupakiwa.

Yupo pia asemaye gari imezeeka, iuzwe. Injini ni nzima, chesisi nzima, na kwa fedha tutakazopewa hatutapata nyengine ya kupanda njia za Ngezi wakati wa mvua.

Basi twashauri waya zote nne kubwa zibadilishwe kwa pamoja: wa betri hadi stata, wa betri hadi chesisi, wa injini hadi chesisi, na ule wa kuchajia. Kubadilisha mmoja na kuacha mitatu ni kujidanganya. Hasa ule wa injini, ambao mafundi wengi huusahau, na ukikatika umeme hutafuta njia yake kwa waya wa mafuta, ukaunguza. Ile ya stata na ya ardhi iwe ya milimita za mraba 50, ya shaba iliyopakwa bati kama itumikayo katika mashua, maana bati huizuia chumvi. Waya wa kuchomelea hufaa kwa ulaini, lakini shaba yake kwa kawaida ni tupu, na hapa kwetu haitadumu. Vichwa vibanwe kwa mashine ya kubania, wala visipigwe nyundo. Na fundi atakayepunguza nyuzi ili waya uingie katika kichwa kidogo arudishiwe kazi yake. Kila unapopita penye bati la gari uvishwe mpira, kwani waya huo hauna fyuzi, na ukigusa bati ni moto chini ya kiti cha mtu.

Bei tumeulizia. Waya zote na vichwa vyake hazifiki bei ya betri moja, na kazi ni ya siku moja. Baadaye dereva aoshe vichwa kwa maji ya magadi kila mwezi, akaushe, apake grisi. Na akifungua, aanze na upande wa hasi, na akifunga aumalize huo.

Waya kuukuu zisitupwe. Ziletwe afisini, na mwanachama mwenye shaka aje na kisu chake azichune mwenyewe.