Kikombe ni kilekile, tumbo si lile

Fort Ternan iko katikati ya chai na sukari. Ukipanda kuelekea mjini Kericho unaingia kwenye mashamba ya majani chai. Ukifuata reli kushuka Koru na Muhoroni, unapokewa na miwa. Vyote viwili hukutana kwenye kikombe: maziwa mengi, vijiko vitatu vya sukari, na mwenyeji anayenuna ukikataa kuongezewa.

Kikombe kama hicho nilikiona kikimshinda mzee mmoja niliyekwenda kumjulia hali. Miezi saba nyuma alikuwa amekatwa sehemu kubwa ya tumbo. Alikunywa chai yake, akala mandazi mawili. Hata robo saa haijaisha, jasho lilimtoka kwenye paji la uso, moyo ukamwenda mbio, tumbo likanguruma hadi mimi nikalisikia, akainuka upesi kwenda chooni. Aliporudi alijilaza kwenye kochi.

"Ndivyo alivyo tangu atoke hospitali," mkewe akaniambia. "Taifodi ameshatibiwa mara tatu, na amiba nimeacha kuhesabu."

Akaniletea mfuko wa karatasi. Mlikuwa na vipimo vya damu, risiti za duka la dawa na maganda ya vidonge vya kupunguza asidi. Haikuwemo karatasi inayoeleza alikatwa nini na akaunganishwa vipi.

Toleo hili limetokana na mfuko ule. Ninalotaka kusema ni hili: mtu aliyepasuliwa tumbo akiendelea kusumbuka, asiambiwe kwamba ndivyo atakavyoishi, wala asitibiwe kana kwamba tumbo lake ni lile la zamani. Mara nyingi chanzo hutafutika, na pa kuanzia ni maswali mawili: ulikatwa nini, na shida huja saa ngapi baada ya kula?

Swali la kwanza lina uzito wake katika eneo letu. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, iliyoanza mwaka 1937, imejulikana kwa miaka mingi kwa kutibu saratani ya umio, ugonjwa ambao hapa kwetu hauwaachi hata vijana. Mtu hudhani umio na tumbo ni mambo mawili. Lakini umio ukiondolewa, mara nyingi wapasuaji hulitengeneza tumbo kuwa bomba na kulivuta hadi kifuani lishike nafasi yake, na neva za vagusi zinazoliongoza hukatwa. Mgonjwa wa umio hurudi nyumbani akiwa na tumbo jipya. Waongeze waliokatwa kwa saratani ya tumbo lenyewe, na wazee waliopasuliwa kwa vidonda zamani, kabla madaktari Barry Marshall na Robin Warren hawajaonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba vingi husababishwa na bakteria wanaouawa kwa dawa.

Sasa saa. Tumbo zima ni ghala, kinu na lango: hupokea chakula, hukisaga, kisha hukiachilia kidogo kidogo. Lango likiondolewa, chai tamu humwagika yote kwa mkupuo kwenye utumbo mwembamba, nao huvuta maji kutoka mwilini. Hapo ndipo jasho, mapigo ya moyo na kuhara hutokea, dakika 10 hadi 30 baada ya kula. Madaktari huita dampingi. Ina pacha wake anayekuja baada ya saa moja hadi tatu: sukari iliyopanda kwa ghafla huamsha insulini nyingi kupita kiasi, sukari ya damu ikaporomoka, mtu akatetemeka na kuchanganyikiwa. Huko shambani wenzake humdhania amelewa.

Kuna anayeamka usiku na uchungu mdomoni na moto kifuani. Huenda ni nyongo inayopanda, na vidonge vya asidi havimsaidii sana, kwa kuwa nyongo si asidi. Kuna mwenye choo cha mafuta kinachoelea: pengine chakula kinaipita juisi ya kongosho bila kuchanganyika nayo, au bakteria wamezaana kwenye kipande cha utumbo kilichoachwa pembeni. Anayeumwa chini ya mbavu za kulia baada ya nyama ya mafuta achunguzwe mawe ya nyongo, ambayo huongezeka baada ya upasuaji huu. Na anayemeza dawa za maumivu kila jioni ajue baadhi yake zinaweza kutoboa kidonda palepale aliposhonwa.

Mengine hukawia. Vitamini B12 huhitaji kitu kinachotengenezwa na tumbo ili ifyonzwe. Aliyeondolewa tumbo lote huishi kwa akiba ya ini, nayo huisha baada ya miaka miwili hadi mitano, wakati kila mtu ameshasema amepona. Ulimi huwaka, miguu hufa ganzi. Dawa yake ni sindano za maisha. Madini ya chuma nayo hupungua, na chai inywewayo pamoja na chakula hupunguza hata kile kidogo ambacho kingefyonzwa.

Najua jibu la wahudumu wa afya: taifodi na amiba zipo kweli. Zipo, na tumbo lenye asidi kidogo haliwezi kuzizuia vizuri. Basi choo kipimwe badala ya kukisiwa, na kipimo cha taifodi cha Widal kisitoe hukumu peke yake, maana kinaweza kuonyesha ugonjwa uliokwisha zamani. Wanasema pia foleni ni ndefu. Daftari la wiki mbili, lenye chakula na saa, linasomwa kwa dakika tatu.

Lakini daftari lisimcheleweshe mtu. Anayetapika mfululizo, anayekonda, anayeshindwa kumeza, mwenye choo cheusi kama lami, au mwenye tumbo lililojaa lisilotoa upepo aende hospitali leo. Makovu ya ndani yanaweza kufunga utumbo hata baada ya miaka kumi.

Kurasa zinazofuata zina maelezo ya mpasuaji, ya mtaalamu wa lishe, na ya wagonjwa wenyewe. Utasoma kuhusu milo midogo sita, mayai na maharage kabla ya ugali, kinywaji nusu saa baada ya chakula, na kutafuna. Mwaka 1961 mtafiti Louis Leakey alifukua hapa Fort Ternan taya na meno ya nyani wa kale, wa takribani miaka milioni 14. Kwa aliyekatwa tumbo, taya ndilo kinu kilichobaki.

Mzee wetu alirudi alikopasuliwa kuomba nakala ya ile karatasi. Nilipopita tena, ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa katikati ya daftari la shule. Mkewe alinimiminia chai ya vijiko vitatu. Ya mzee ilikuja baadaye, haina sukari, nusu kikombe. Akatazama saa ya ukutani kwanza, kisha akanywa.

Mhariri