NANI ALIICHORA RAMANI YA KITENGELA?



Msafiri atokaye Athi River kuelekea Namanga hawezi tena kuiona mbuga ilivyokuwa. Huona kuta za mawe, malango ya chuma, mabango ya madalali yanayotangaza ploti za futi 50 kwa 100, na kati ya ukuta na ukuta ng'ombe wachache wanaotafuta majani kandokando ya lami. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 katika mji wa Kitengela. Mji kukua si kosa. Kosa ni kwamba mji huu umetandazwa juu ya malisho ya watu ambao kwa miaka mingi hawakuulizwa lolote, na siku walipoulizwa, jibu lao lilifungiwa kabatini.

Tumezoea kuambiwa kwamba nchi hii ilikuwa pori tupu kabla ya mpima ardhi kufika na minyororo yake. Huo ni uongo mkongwe. Jina lenyewe la Kajiado limetokana na Ol Keju Ado, yaani mto mrefu. Aliyelitoa aliijua nchi yake. Mmaasai alipojenga enkang alitenga olopololi karibu na boma kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, akaiacha nyanda ya mbali ipumzike hadi kiangazi, na njia ya kwenda majini haikuwa na mwenyewe kwa kuwa ilikuwa ya wote. Vyuo vikuu vina jina la kazi ya namna hiyo: usanifu wa mandhari. Wazee waliifanya bila karatasi, na ni kwa karatasi waliposhindwa.

Mkataba wa 1904 uliwaahidi Wamaasai ardhi yao kwa muda wote ambao wangekuwapo duniani. Haikupita miaka 10: mkataba wa 1911 ukawaondoa Laikipia, nao walipokwenda mahakamani kudai haki, mwaka 1913 kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ile haikuwa jambo la mahakama kuamua. Mwaka 1946 Mbuga ya Taifa ya Nairobi ikatengwa kwa ajili ya wanyama, ambao bado walihitaji nyanda za Kitengela na Kaputiei wakati wa mvua. Sheria ya 1968 ikaleta ranchi za vikundi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, ranchi ya Kitengela ikakatwa vipande, kila mwanachama hatimiliki yake. Kwingineko, kama Iloodoariak, majina ya watu wasiokuwa wakazi yakajikuta katika daftari la ardhi. Yalifikaje humo? Kalamu haikutembea peke yake.

Tulidhani hatimiliki itamlinda mfugaji. Lakini mvua haijui jiwe la mpaka. Ikinyesha Isinya na ikakosa Kitengela, ng'ombe hawana budi kwenda Isinya, na jirani mmoja akijenga ukuta huwafungia njia wote walio nyuma yake. Waliopitia ukame wa 2009 wanajua gharama yake, na waliouona ule ulioanza 2020 wanaijua mara mbili. Hata nyumbu wameijua: waliokuwa makumi ya maelfu katika nyanda hizi mwishoni mwa miaka ya 1970 wamebaki elfu chache tu.

Wala isisemwe kwamba wenyeji walikaa kimya. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe nyua. Kisha wafugaji wenyewe, wakishirikiana na watafiti katika mradi ulioitwa Reto-o-Reto, yaani nisaidie nikusaidie, walitembea na vyombo vya kupimia na kuandika kila ua uliosimama. Mmoja wa waliokuwa katika kazi hiyo, David Nkedianye, baadaye alichaguliwa kuwa gavana wa kwanza wa Kajiado. Ramani ile ilisaidia kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto chini ya Baraza la Olkejuado, uliotenga mahali pa mji na mahali ambapo ardhi isikatwe vipande vidogo. Hapo ndipo palipokuwa na mageuzi ya kweli: raia aliyekuwa akichorewa ramani alishika kalamu. Na mji ukaendelea kumwagika nje ya mstari.

Watetezi wa madalali watatujibu: "Wamaasai wenyewe ndio wanaouza." Ni kweli wanauza. Mtoto anafukuzwa shule kwa karo, mgonjwa anazuiwa hospitalini kwa deni, ng'ombe wamekufa kwa ukame, na mnunuzi amesimama mlangoni na fedha taslimu. Je, huo ni uhuru? Sheria inataka mwenzi wa ndoa akubali kabla ardhi ya familia haijauzwa, na bodi ya udhibiti wa ardhi itoe idhini. Yako wapi maswali ya bodi hizo kuhusu mama aliyebaki bomani, na kuhusu njia ya mifugo iliyomo ndani ya ekari zinazouzwa?

Tusieleweke vibaya. Mwalimu au karani aliyeweka akiba miaka 10 akanunua ploti yake si adui. Tuliona Enoosupukia mwaka 1993 jinsi wanasiasa walivyogeuza kilio cha ardhi kuwa moto wa kuwafukuzia majirani, na hatutawapa kiberiti tena. Anayedaiwa ni mwenye muhuri: ofisa anayeidhinisha kubadilishwa kwa matumizi ya ardhi bila kuufungua mpango uliopo mezani pake.

Nayo makanisa? Tuseme bila kuficha. Tumehubiri juu ya shamba la Nabothi, kisha tukanunua ekari zetu kando ya barabara na kuzizungushia ukuta mrefu kuliko wa jirani. Yako majengo ya ibada yaliyoziba njia za ng'ombe kuelekea majini. Parokia zenye ardhi kama hiyo zinaweza kubomoa futi chache za ukuta kabla ya kumwandikia gavana barua.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inawataka wapangaji wamsikilize mwananchi. Kwa hiyo kila kikundi cha haki na amani kiende katika ofisi ya ardhi ya kaunti na kudai kwa maandishi nakala ya mpango wa eneo lake pamoja na orodha ya vibali vya kubadilisha matumizi vilivyotolewa tangu mpango upitishwe. Ramani ibandikwe ukumbini, isomwe kwa Kimaasai na Kiswahili, wanawake na vijana wakiwapo, na kila kibali kitiwe alama mahali pake. Ofisi ikikataa kutoa nakala, kataa hiyo iandikwe, ipigwe tarehe, na jina la cheo cha aliyekataa lisomwe mbele ya waumini Jumapili inayofuata.