Mwache Mtoto Afinyange Udongo

Chukua tofali moja. Liweke mbele ya mtoto wako wa miaka minne au mitano. Mwambie asiliguse. Muulize, "Tofali hili lina pande ngapi?"

Huenda atajibu, "Tatu." Usimcheke. Ukisimama mahali pamoja, hata wewe huwezi kuona zaidi ya pande tatu. Mtoto mdogo huhesabu anazoziona. Zilizojificha bado hazijui.

Sasa mpe kiberiti kilichokwisha njiti. Akishike mwenyewe na kukigeuza. Juu na chini, mbili. Mbele na nyuma, nne. Kushoto na kulia, sita. Kisha rudini kwenye tofali. Muulize tena. Usimpe jibu, mwache atafute.

Hivyo ndivyo mtoto anavyojifunza maumbo. Picha peke yake haitoshi. Chungwa la kitabuni ni bapa kama karatasi. Chungwa la kweli hujaa mkononi, tena hubingirika.

Mwaka 1837, Friedrich Froebel alianzisha shule ya watoto wadogo huko Ujerumani. Aliwapa vitu vitatu vya mbao. Kimoja kilikuwa kama chungwa. Kimoja kilikuwa kama kopo. Cha tatu kilikuwa na pande sita zilizo sawa. Watoto walivichezea wakaona tofauti. Cha kwanza hubingirika kila upande. Cha tatu hutulia. Kilicho kama kopo hufanya yote mawili. Ukikisimamisha hutulia, ukikilaza hubingirika.

Wewe huna haja ya kununua mbao hizo. Chungwa, kopo na kiberiti vipo nyumbani. Lakini kopo lisiwe na makali. Wala lisiwe lililotiwa dawa ya kuua wadudu.

Udongo nao ni mwalimu. Lakini wazazi wengi humpiga mtoto anayechezea udongo. Husema anajichafua. Ndugu, mtoto huyo yumo kazini. Anafinyanga chungu, anatengeneza tofali, anajua lipi litasimama na lipi litaanguka.

Fundi seremala kabla ya kukata mbao huliona sanduku zima kichwani, hata upande wa nyuma. Fundi asiyeweza hukata vibaya, na mbao zako zinapotea. Akili hiyo huanza utotoni, mikononi.

Basi wape nafasi watoto wote, wa kike na wa kiume. Wakimaliza kucheza, wanawe mikono kwa maji na sabuni. Udongo utatoka. Walichojifunza kitabaki.