Vidonge vinne haviamshi bakteria aliyelala

Jumapili umeshinda soko la Kibuye ukichagua mitumba. Jioni koo linawasha, kichwa kinagonga. Wengi wetu hapa Kisumu tunajua la kufanya: unapita duka la dawa, unaitisha amoksilini, vidonge vinne tu kwa sababu pesa ni hizo. Siku ya pili umepata nafuu, unasema mambo yameisha. Hayajaisha.

Kwanza, kama yalikuwa mafua, umetupa pesa. Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiwagusi.

Pili, kama kweli ni bakteria, elewa dawa inavyofanya kazi. Bakteria anayekua hujenga ukuta wa mwili wake kila wakati, kama fundi. Amoksilini huvuruga ujenzi huo, ukuta unalegea, anapasuka. Lakini wapo wachache waliolala: hawakui, hawajengi. Sasa fundi aliyelala utamharibia kazi gani?

Mwaka 1944 Joseph Bigger aliona hivyo alipochunguza penisilini. Wengi walikufa, wachache wakabaki. Walipoamka na kuzaana, penisilini ile ile iliwaua watoto wao. Hawakuwa sugu, walikuwa wamelala tu.

Ukiacha dawa kabla ya siku ulizoandikiwa, hao ndio huamka. Wakizaana tena na tena, usugu wa kweli hupata nafasi. Ndiyo maana kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita, hata kikohozi kikiisha mapema.

Mwaka 2011 watafiti Marekani waliwalisha sukari bakteria waliolala. Walipopata nguvu, jentamisini ikaweza kuingia ndani yao ikawaua. Usikimbilie kuongeza sukari kwenye chai, hiyo bado ni kazi ya maabara. Ila somo ni wazi: dawa hutegemea pia hali ya bakteria.

Hatumlaumu kijana peke yake. Foleni ya hospitali ni ndefu, na kibarua hakingoji. Lakini anayeuza vidonge vinne bila maagizo ya daktari anajua anachofanya, na wanaopaswa kumzuia wanajua pia. Wafanye kazi yao.

Nawe fanya yako: pimwa kwanza, meza dawa ulivyoandikiwa, na usimgawie rafiki iliyobaki. Ukiona nafuu siku ya pili, kumbuka kuna waliolala.