Diski Rahisi Iliyotula

Nilikwenda Griftu, huko Wajir, kunasa kwa kamera wazee wakighani gabay, tungo za Kisomali zikaazo vifuani kuliko vitabuni. Kijana niliyefuatana naye alikuwa na diski ya nje iliyoandikwa terabaiti 16, kwa bei isiyofika ya mbuzi! Kila jioni tukihamishia kazi humo, kisha tukifuta kadi za kamera. Siku ya nne, picha za siku ya kwanza hazikufunguka.

Ndugu msomaji, diski ile ilikuwa ghushi. Ndani mna kumbukumbu ya gigabaiti chache tu, iliyofundishwa kuidanganya kompyuta. Ikijaa, huandika mapya juu ya ya kale. Chuoni nasi tukiosha ubao kwa maji, lakini baada ya kuhifadhi aya.

Rai yangu, mwenye fedha haba asivutwe na ukubwa. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kwa kuhariri, SSD ya gigabaiti 500 yatosha, nayo haina kitu kizungukacho ndani. Akiba na iwekwe kwenye diski ya sahani, ambayo ni nafuu zaidi, ila ikianguka ikiwa inazunguka, buriani! Na diski yoyote mpya ijazwe pomoni, kisha ifunguliwe faili ya kwanza, kabla ya kadi kufutwa.

Mzee mmoja alikubali kutughania tena. Wa pili alikwisha kuhama na ngamia wake kufuata malisho.