Kisu cha Haraka: Amua Mapema, Okoa Shamba

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, bidhaa nyingi mnazouza madukani zimepitia Guangzhou, China, mji wa Wakantoni. Wao, kama Wachina wengine, wana msemo huu: kisu cha haraka hukata katani iliyosokotana. Asili yake ni hadithi ya zamani. Baba mmoja, Gao Huan, aliwapa wanawe nyuzi zilizovurugika wazifumue. Wengine walihangaika na fundo moja moja. Gao Yang akachomoa kisu, akakata. Mwaka 550 akawa mfalme.

Sisi hupenda kusema haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu tumeifanya kisingizio cha kuahirisha.

Tazama mnyauko wa migomba. Majani yananjanoka na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Mkulima anasema, "Ngoja nivune kwanza mkungu huu." Wakati anangoja, wadudu na panga lake wanapeleka ugonjwa kwenye mashina mengine. Huruma kwa mkungu mmoja inamgharimu shamba.

Lakini haraka si pupa. Wakantoni haohao wana msemo mwingine wa kumcheka anayekata vidole vya miguu ili akwepe wadudu wa mchangani. Usifyeke shamba zima kwa hofu. Kata shina lenye dalili, usawa wa ardhi. Choma panga kwenye moto au lisafishe kwa jiki kabla ya kugusa shina jingine. Ondoa maua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Kagua shamba mara kwa mara, maana dalili zinaweza kutokea tena.

Dukani ni vilevile. Mahindi yameanza kutobolewa na dumuzi, bei ya leo hairidhishi, unangoja ipande. Kila wiki gunia linapungua uzito na unga unaongezeka. Mteja hajalipa deni la kwanza, unamkopesha la pili ili asikukimbie. Hapo unakata hasara ndogo au unailea iwe kubwa?

Kabla ya kukata jiulize: nina hakika na tatizo? Nikingoja litapungua au litaenea? Sehemu gani ndiyo mbovu? Ukishapata majibu, usilale nayo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.